Natoa Hilux Vigo nichukue mkonga (Land Cruiser 79) wa kuvutia tela la mashine ya mpunga. Nishaurini kabla sijatoa hela

MpuraMpunga
Wakuu, habari za jioni. Niko Iringa, shughuli yangu ni mashine ya kupura mpunga. Kila mwaka mwezi wa sita nashuka nayo Ifakara, nazunguka mashamba ya Kilombero mpaka mpunga uishe, ndipo napandisha nyumbani. Mashine imefungwa juu ya tela la ekseli moja, kazi ya fundi wa kuchomelea hapa hapa mjini. Gari ni Hilux Vigo 2.5 D-4D, kebini mbili, gia za mkono. Nipo nayo mwaka wa sita na sijawahi kuilaumu.

Msimu uliopita ndiyo imenitia hofu. Kushuka mlima wa Kitonga breki zilianza kunuka, na karibu na bonde pedali ikawa laini, unakanyaga kama unakanyaga sponji. Nikaegesha kwa kuomba Mungu, utingo akaruka kuweka jiwe. Kurudi nimepakia, gari likachemsha mara mbili kabla ya kumaliza mlima. Na kule tambarare ya Mikumi nikifika 80 tela linatingisha mkia mpaka usukani unacheza.

Sasa kuna bwana mmoja ana Land Cruiser 79 ya 4.2, ile ya injini ya 1HZ, kebini moja. Anasema nimpe Hilux na milioni 38 juu. Mke wangu hataki hata kusikia, hiyo ni hela ya msingi wa nyumba. Je, nikichukua mkonga shida zangu zimeisha?

FundiDifu
Kabla hatujafika kwenye gari: tela lina breki?

MpuraMpunga
Halina, mkuu. Lina taa na mnyororo tu.

FundiDifu
Basi ungeshuka na lori bado ningekuuliza swali hilo hilo. Kwa Vigo nyingi kitabu kinataja kati ya kilo 2,250 na 2,500, inategemea gari lilitengenezewa soko gani, na hiyo ni kwa tela lenye breki zake. Lisilo na breki ni kilo 750. Hata hiyo 79 unayoililia ni 3,500 kwa tela lenye breki, na lisilo na breki ni 750 ile ile. Kwa hiyo ukihamisha tela lako kwenda kwenye mkonga kama lilivyo, umenunua gari la pili la kuvunjia sheria ile ile.

Na ile pedali laini nikueleze ni nini. Mafuta ya breki yanavuta maji hewani pole pole. Yakizeeka, joto la mteremko linachemsha yale maji, vinatokea viputo. Mafuta hayabinyiki ila kiputo kinabinyika, ndiyo maana mguu unazama na gari haliitiki. Ulibadilisha lini?

MpuraMpunga
Mafuta ya breki? Huwa naongezea.

FundiDifu
Haya.

ShemejiMafinga
Fundi msimtishe mtu. Chukua mkonge ndugu, Vigo ni gari la kupelekea mke sokoni. Mkonge unavuta mpaka nyumba.

DerevaMstaafu
Kwanza ni mkonga, kwa ajili ya lile bomba la kuvutia hewa linalopanda pembeni ya kioo kama mkonga wa tembo. Mkonge ni wa kusukia kamba.

Pili, kijana, nimeendesha 1HZ miaka kumi na tisa kwenye mradi wa maji, kuanzia Dodoma mpaka Makete, kwa hiyo sisemi ya kusikia. Ni injini ya sentimita za ujazo 4,164, silinda sita kwa mstari, haina tabo ya kusukumia hewa ndani, haina kompyuta ya kukusumbua. Nguvu yake ya kuzungusha ni Nm 285. Sasa msikilize mzee: Vigo ya 2.5 zipo za aina mbili. Ile isiyo na interkula, yaani kipoza hewa ya tabo, ina 260, yenye interkula inafika mpaka 343. Kama yako ni hiyo ya pili, unataka kuongeza milioni 38 upate injini yenye nguvu PUNGUFU.

Na bado hatujapanda mlima. Injini isiyo na tabo inapumua hewa iliyopo. Kila mita elfu moja unazopanda, inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu. Iringa mjini uko zaidi ya mita 1,500. Ile 285 ya kitabu ilipimwa usawa wa bahari, wewe huku huipati yote. Gari lenye tabo linajifidia.

ShemejiMafinga
Sasa mzee mbona miradi yote, mahospitali yote, migodi yote wanachukua hiyo hiyo dhaifu?

DerevaMstaafu
Sijasema dhaifu, nimesema haikimbii. Uzuri wa 79 kwenye kuvuta si injini, ni vitu vingine. Chesisi nene. Springi za majani za nyuma hazikalii chini ukifunga tela. Rejeta kubwa. Gari lenyewe ni zito, lina zaidi ya tani mbili tupu, kwa hiyo tela likijaribu kulisukuma haliendi hovyo. Vigo yako tela likiamua kwenda kushoto, na wewe unaenda kushoto. Ndiyo tofauti ya gari kulivuta tela na tela kulivuta gari.

MsomaliWaNakuru
Wadau wa Bongo, salamu kutoka Kenya. Kwa nini hamwangalii Isuzu D-Max? Hii 3.0 yenye injini ya 4JJ1 haina mkanda wa taimingi, ni mnyororo. Mimi navuta trela la ng'ombe kutoka Narok na hiyo. Land Cruiser 79 zinaunganishwa hapa kwetu Mombasa na bado bei yake inaniumiza kichwa.

BiYadi
Kaka wa Nakuru, huku spea za Isuzu ndogo ukitoka mjini ni mtihani. Mtu akikwama Mlimba anataka kifaa ambacho duka la kijijini wanakijua.

Mimi niko kwenye biashara ya magari, niongee upande wangu. MpuraMpunga, mwulize huyo bwana gari lake ni shilingi ngapi TASLIMU, usimtajie Hilux kabisa. Mtu akikuambia "nipe lako na kiasi fulani", bei mbili zimefichwa ndani ya namba moja: ya kwako ameishusha, ya kwake ameipandisha, na wewe huoni hata moja. Ukishapata bei ya taslimu, toa hiyo 38, utajua anaipa Hilux yako thamani gani. Halafu jiulize barabarani ingeuzwa ngapi.

Jambo lingine, chungulia chini ya gari. 79 nyingi zimetoka migodini na kwenye miradi. Nje zimepakwa rangi zinang'aa, chini zimelika. Angalia chesisi nyuma ya kebini na pale zinaposhikia springi, tafuta nyufa na alama za kuchomelewa. Na hiyo 1HZ ina mkanda wa taimingi, ukikatika vali zinagongana na pistoni. Akisema "ulibadilishwa juzi", mwambie akuonyeshe risiti, asipokuwa nayo hesabu kwamba haujabadilishwa.

MpuraMpunga
Dada asante sana. Nimempigia sasa hivi. Taslimu anasema milioni 70.

BiYadi
70 toa 38 ni 32. Vigo kebini mbili safi kwa 32? Amekuona unapiga jaramba.

MkulimaTu
Mimi swali langu tofauti. Kwa nini uvute? Chukua Canter, pandisha mashine juu, tela uza. Hela inabaki.

MpuraMpunga
Nimeliwaza hilo. Mashambani kule njia ni matuta ya majaruba, kuna vidaraja vya magogo, na mwezi wa sita bado kuna sehemu hazijakauka. Canter itaishia barabara kuu. Halafu tela nikifika nalifungua, naiacha mashine inafanya kazi shamba moja, gari linaenda kutafuta kazi shamba lingine au kufuata dizeli. Nikipakia juu ya gari, gari nalo limefungwa kazini.

MkulimaTu
Hapo nimeelewa.

DerevaMstaafu
Hebu tueleze ukweli, ukirudi unapakia nini? Maana umesema "nimepakia" halafu ukapita haraka.

MpuraMpunga
Mzee una macho. Wakulima wengi wananilipa kwa mpunga, kila magunia kadhaa yaliyopurwa moja langu. Safari ile nilikuwa na gunia nane nyuma ya Hilux na sita kwenye tela, nyuma ya mashine. Na watu wanne ndani.

FundiDifu
Kumbe!

JamaaWaHouston
Naangalia uzi huu nikiwa Texas nacheka na kulia. Mimi ni mtu wa Morogoro, huku nafanya kazi ya kusafirisha magari yaliyonunuliwa mnadani kwa pikapu na tela refu. Nilianza na Ford F-150. Muuzaji aliniambia inavuta zaidi ya pauni 10,000, na ni kweli, ila hakuniambia hiyo namba inadhani gari lina watu wawili na nyuma ni tupu. Huku kwenye fremu ya mlango wa dereva kuna kibandiko cha manjano kinachotaja jumla ya watu na mizigo ambayo gari linaruhusiwa kubeba. Ile pua ya tela inayolalia gari nayo inahesabiwa humo. Mimi nilimaliza uzito wa kibandiko kabla sijafika hata nusu ya uzito wa kuvuta. Nikatoa ile nikachukua F-250.

Kwa hiyo usiulize linavuta kiasi gani tu, uliza pia linabeba kiasi gani huku linavuta. Gunia nane, watu wanne, na pua ya tela. Piga hesabu.

FundiDifu
Nampigia mimi. Gunia la mpunga weka kilo 80: nane ni 640. Watu wanne weka 280. Pua ya tela, tuseme 150. Zana, jeki, madumu ya dizeli, 80. Jumla 1,150. Vigo ya kebini mbili uwezo wake wa kubeba ni mia nane na kitu, ukizidisha sana tani moja hivi, inategemea toleo. Halafu nyuma yake tela lisilo na breki. Mkuu, Hilux yako haikukosea, ilivumilia.

ShemejiMafinga
Mimi bado nasema achukue mkonge.

DerevaMstaafu
Mkonga.

MpuraMpunga
Wakuu, leo nimeamua kufanya kazi ya nyumbani. Nimelipeleka tela kwenye mzani wa ghala la mahindi, jamaa wananifahamu. Tela na mashine na injini yake, bila gunia hata moja: kilo 1,760. Mimi miaka yote nilikuwa nawaambia watu tani moja.

Kisha nikaweka pua ya tela juu ya mzani wa kupimia magunia, tela likiwa limelala sawa na ardhi. Kilo 95.

JamaaWaHouston
Ndiyo mkia wako wa Mikumi huo. Pua iwe angalau sehemu moja ya kumi ya uzito wa tela, yaani kwako 176 hivi. Huku wanakwenda mpaka 15 kwa mia. Wewe uko chini ya sita, na bado ukaongeza gunia sita NYUMA ya mashine, zikazidi kuinyanyua pua. Tela la namna hiyo likiguswa na upepo wa basi linaanza ngoma.

FundiDifu
Usiongeze mawe kwenye pua kama nilivyomwona mmoja. Sogeza mashine mbele. Kutoka ekseli mpaka kwenye gololi ya kuungia tela na gari ni mita ngapi? Na mashine peke yake ina uzito gani?

MpuraMpunga
Mita tatu kamili. Mashine na injini ni kama 900.

FundiDifu
Ukisogeza kilo 900 mbele kwa sentimita 30, pua inaongezeka 90. Yaani 900 mara 0.3, gawanya kwa 3. Utapata 185, inatosha. Toboa matundu mapya ya bolti, usichomelee, ili siku ukibadilisha mashine usije kulia.

Na breki: tafuta ekseli kuukuu ya Hiace yenye dramu zilizo hai. Pua ya tela ifungiwe kile kishikio kinachoteleza, chenye silinda ya breki ndani yake. Gari likipunguza mwendo, tela linasukuma kishikio, silinda inabana mafuta, breki za tela zinajikaza zenyewe. Huhitaji waya wala swichi kutoka kwenye gari. Minyororo miwili, ipishane chini ya pua kama mkasi, ili tela likichomoka lidakwe juu ya minyororo, lisichimbe lami.

MpuraMpunga
Sasa nikifanya yote hayo, si ningebaki na Hilux?

BiYadi
Swali zuri sana hilo, na wauzaji wenzangu hawatalipenda.

DerevaMstaafu
Ukiwa na breki kwenye tela, pua imekaa sawa, na mpunga ukaupandisha kwa fuso la kukodi, Hilux inaweza kazi hiyo. Kilo 1,760 zipo ndani ya kitabu. Ila itakuwa imefika ukingoni kila msimu. Ukitaka kurudi na mpunga wako mwenyewe, gari kubwa lina maana. Amua biashara yako inataka nini, ndipo uamue gari.

MpuraMpunga
Nataka kurudi na mpunga wangu. Ukiuza Ifakara mwezi wa saba bei iko chini, nikiufikisha Iringa nikauweka mpaka wa kumi na mbili napata tofauti ya maana. Fuso linakula tofauti hiyo.

DerevaMstaafu
Haya, basi tafuta 79, lakini usinunue kwa kuzunguka nayo uwanja wa Samora. Mwambie mwenye gari utafunga tela lako, mashine ikiwa juu, uteremke nayo Ipogolo na kupandisha mjini. Mlima ule unatosha kukuambia kila kitu. Angalia mshale wa joto, nusa klachi, sikiliza difu.

*(wiki tatu baadaye)*

MpuraMpunga
Nimerudi. Yule bwana wa kwanza nilipomwambia habari ya tela na Ipogolo akasema gari lake si la majaribio. Nikamshukuru.

BiYadi, Hilux nimeiuza mwenyewe, imekwenda Mafinga kwa milioni 37. ShemejiMafinga, ukiiona isalimie. Nimepata 79 nyingine, 1HZ vile vile, ya mradi wa zamani, kwa milioni 71. Mwenye nayo ni mzee mtaratibu, akapanda kiti cha abiria, tukafunga tela tukateremka Ipogolo. Kupanda tulikwenda gia ya pili na ya tatu, bodaboda zinatupita, mpaka mwenda kwa miguu mmoja nilimwona kama anataka kutupita. Lakini mshale wa joto haukucheza. Tulipofika juu nikafungua boneti nikanusa: hakuna klachi, hakuna mafuta. Chini chesisi nzima, ila mpira mmoja wa springi umekufa, akapunguza laki tatu ambayo nimeihesabu humo humo. Uhamisho wa kadi tumefanya TRA siku hiyo hiyo, magari yote mawili yalikuwa hayadaiwi faini.

Tela limekula milioni moja na laki tisa na ekseli ya Hiace ndani yake. Mke wangu nimempa hesabu yote kwenye karatasi. Amesoma, amekunja, ameiweka kwenye Biblia. Hajasema kitu.

BiYadi
71 toa 37 ni 34. Umeokoa nne kwa kupiga simu moja. Ungenitumia hata soda.

MsomaliWaNakuru
Hongera boss. Bado D-Max ingekupita hapo Ipogolo ikiimba.

FundiDifu
Ingempita, ndiyo. Kijana, sasa una kebini moja. Vijana wa mashine watakaa wapi? Juu ya tela trafiki hatakuelewa, na mimi pia.

MpuraMpunga
Wawili mbele na mimi, wengine wanapanda basi, nauli najumlisha kwenye gharama. Hilo ndilo linaloniuma kwenye gari hili, sitaki kudanganya. Jumapili kanisani tunakwenda kwa zamu.

*(mwezi wa sita)*

MpuraMpunga
Wakuu, nawapa mrejesho. Niko Ifakara tangu jana. Kitonga nimeingia saa mbili asubuhi, nikaweka gia ya pili pale juu kabisa kabla mteremko haujaanza, kama mzee alivyonifundisha, nikaiacha injini ishike. Malori yalinipigia honi, nikawaonyesha mkono wapite sehemu ya wazi. Mguu wa breki nimeutumia mara tano, nilikuwa nahesabu kwa sauti. Kila nikigusa nasikia tela linajishika lenyewe nyuma. Tambarare nilikwenda 70, mkia umetulia.

Utingo wangu alisinzia kuanzia kona ya pili. Mwaka jana pale pale alikuwa ameshika kitasa cha mlango.

DerevaMstaafu
Safi. Kupanda usiwe na haraka, ukiona mshale umesogea simama kabla hujachemka, si baada.

FundiDifu
Na mafuta ya breki ya hiyo 79 ulibadilisha kabla ya kushuka?

MpuraMpunga
Fundi...

FundiDifu
Nauliza tu.

MpuraMpunga
Jumatatu. Kuna duka hapa mjini, Jumatatu asubuhi.